Usalama wa maabara: wiki nzima mwanzoni, au dakika 10 kila somo?

Wanaopanga ratiba ya baiolojia vyuoni hapa Mbeya wana njia mbili. Ya kwanza, wiki moja ya mwanzo wa muhula inatengwa kwa kanuni za usalama, kila mwanafunzi anasaini, imetoka hiyo. Ya pili, kila somo la vitendo linaanza kwa dakika 10 za hatari za siku hiyo tu.

Njia ya kwanza ina faida ya kweli: hakuna anayeingia maabara bila kujua kizima moto kilipo. Lakini maneno ya Machi hayakumbukwi Juni. Juni baridi ya Mbeya inauma, na wanafunzi hufunga madirisha. Ndipo mtungi wa vyura waliohifadhiwa kwenye formalini unafunguliwa. Nimeona machozi yakiwatiririka watu kabla kisu hakijagusa ngozi ya chura. Formalini hukera macho na koo, na kuivuta kwa muda mrefu kunaweza kusababisha saratani. Anayeivuta kila wiki ni fundi wa maabara, ambaye hatumkumbuki.

Kwa dakika 10, mwalimu angesema: fungueni madirisha, vaeni sweta ndani ya koti, suuzeni chura kwa maji kwanza. Formalini ikikurukia machoni, osha kwa maji ya bomba dakika 15.

Gharama yake ni muda. Mada moja itabanwa. Mimi ningeibana. Wiki ya mwanzo iwe siku moja, saini zibaki, na zile dakika 10 ziandikwe kwenye ratiba yenyewe, zisiachiwe hiari ya mwalimu.