Mfuko wa maji wa mgongoni, uzoefu wangu baada ya kupanda mlima Sabinyo mara tatu

Ukifika kwenye ngazi za Sabinyo huna mkono wa kushikia chupa. Waliopanda wanajua, ni ngazi za miti, zingine zimelowa, zina tope la buti za waliotangulia, mikono yote miwili iko pale kwenye mti na macho yako kwenye mguu. Sasa chupa iko wapi? Iko mfuko wa pembeni wa begi, huwezi kuifikia mpaka uvue begi au umwombe mwenzako akutolee, na nani anataka kusimamisha watu kila dakika ishirini, kwa hiyo unasema nitakunywa juu. Mara ya kwanza nilisema hivyo mpaka kilele cha pili, kichwa kikaanza kugonga, miguu ikawa mizito, nikageuka bila kuona kilele cha tatu pale mipaka ya Uganda, Rwanda na Kongo inapokutana. Chupa yangu ya lita moja na nusu nilirudi nayo Ntebeko, getini tunapoanzia, bado imejaa zaidi ya nusu. Hiyo ndo iliniuma sana, manake maji nilikuwa nayo, nimeyabeba mgongoni siku nzima.

Renja, yaani askari wa hifadhi aliyetuongoza, mzee mmoja mpole sana, akaniambia, "Mdogo wangu, ukingoja kiu huku umechelewa. Kunywa kidogo kidogo kila saa."

Nakaa Kisoro, nauza vitu vya simu, na wateja wangu wengi ni watu wa Bunagana, mpakani na Kongo, kwa hiyo Kiswahili ndo nashinda nacho. Milima naiona kila asubuhi nikifungua duka, Muhavura upande mmoja, Gahinga katikati, Sabinyo na vilele vyake kama meno ya mzee. Nilijiambia lazima nirudi, na safari hii nitafute kitu cha kunywa bila kutumia mikono.

Nilianza na kile cha bei rahisi, mfuko wa lita mbili wenye mrija, hauna hata jina, niliununua duka moja Kampala shilingi elfu arobaini na tano. Ukiuangalia unaweza kudhani ni dripu ya hospitali, na kweli hii kitu ilianzia huko. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani mmoja, Michael Eidson, alikuwa mhudumu wa ambulensi, aliingia kwenye mbio za baiskeli za maili 100 kule Wichita Falls, Texas, wakati joto limekaza, akajaza maji kwenye mfuko wa dripu, akautia ndani ya soksi ndefu, akauweka mgongoni mwa fulana yake na mrija akaupitisha begani. Kutoka hapo ndo ikaja CamelBak, kampuni ya mifuko hii, na baadaye wengine wakafuata.

Wangu haukuwa wa kufika huko. Siku ya kwanza maji yalinuka raba, nikasuuza mara tatu, bado. Lakini shida yenyewe ilikuwa kile kidude cha kung'ata mdomoni, kale kampira kalichopasuliwa katikati, ukikaminya kwa meno maji yanakuja, ukiachia kanatakiwa kajifunge kenyewe. Kangu hakakujifunga. Nilikuwa katikati ya ngazi, nasikia baridi inashuka kifuani, nikadhani ni jasho, kumbe ni tone, tone, tone, kila nikiinama kampira kanagusa kamba ya begi kanafunguka, na tulipofika juu upepo unapiga, fulana imelowa mpaka tumboni na sweta niliyoitegemea nayo imelowa. Juu ya mita 3,600 nguo yenye maji si mchezo jamani, nilitetemeka mpaka renja akanipa koti lake. Kilele cha tatu nilikifikia, namshukuru Mungu, lakini sikukaa hata dakika tano.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayetaka kununua: usianze kuuliza lita ngapi, anza na huko mdomoni. Jaza maji dukani, omba tu, muuzaji mzuri hatakataa, uning'inize mrija uelekee chini, uutikise, uubane kwapani kama vile begi linaubana, uone kama unavuja. Na uwe na kifungio, kale ka kuzungusha au kuvuta kanakofunga maji kabisa wakati begi liko kwenye taxi au limelala chini. Na kifuniko cha mdomo, watu wanakidharau, lakini huku mrija unaburuzika kwenye tope na kwenye mianzi, wakati mwingine unaacha begi mahali ng'ombe wamepita, halafu kitu hicho hicho unakirudisha mdomoni.

Cha pili ni mdomo wa kujazia. Huo wa kwanza ulikuwa na kifuniko kidogo kama cha jerikani ya mafuta ya taa, mkono hauingii. Niliutumia safari ya maporomoko ya Sipi nikaweka juisi ya passion ndani, nikauosha kwa kuutikisa, nikaukunja nikauweka kabatini. Wiki mbili baadaye nafungua, mrija una vidoti vyeusi ndani kama punje za ulezi, na harufu. Nilijaribu sabuni, maji ya limau, waya wenye pamba, doti za katikati ya mrija hazikutoka. Niliutupa. Sasa ninao wa lita mbili unaofunguka juu kote, unakunja unaingiza kipande cha kubana, mkono wangu unaingia mpaka kwenye kona, nasugua kwa sifongo kama nasugua sufuria. Mrija unachomoka kwa kubonyeza kitufe, unaupitisha maji peke yake, na ukiwa umejaza huna haja ya kutoa mrija wote kwenye kamba za begi. Huu alinileta mteja wangu kutoka Nairobi, pamoja na usafiri ulifika elfu mia moja na thelathini. Ni pesa, najua. Nimeutumia karibu miaka miwili haujavuja, na huko huko nikaagiza na kampira ka akiba ka mdomoni, manake Kisoro hakapatikani na ndo kanachochoka kwanza.

Juisi siweki tena, wala soda, wala ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Maji matupu tu. ORS naichanganya kwenye chupa ya nusu lita, na hiyo chupa lazima niwe nayo kwa sababu nyingine pia: maji ya mgongoni huyaoni. Unanyonya unafurahia, ghafla mrija unapiga hewa, umebaki na mlima. Chupa ndo akiba yangu. Pia maji ya kuchemsha yaache yapoe kwanza, usimwage ya moto mule ndani, plastiki inalegea na ladha inabadilika.

Begi lenyewe nililipata soko la Owino, Kampala, kwenye mitumba, elfu sitini, lina mfuko wa ndani mgongoni, kajitanzi ka kuning'inizia na katundu ka kupitisha mrija. Angalia hako kajitanzi, bila hako mfuko unajikunja chini maji yakipungua na mrija unapinda, unanyonya hakuna kitu. Weka maji kwanza kabla ya nguo na chakula, ukishajaza begi halafu ndo unasukuma lita mbili zenye kilo mbili ndani utapigana nalo. Na toa hewa: geuza mfuko juu chini, nyonya hewa yote mpaka maji yaje, hautasikia yale maji ya kutikisika mgongoni njia nzima.

Kuna rafiki yangu anayekimbia, yeye anatumia kizibao chenye vichupa viwili laini vya nusu lita kifuani. Nilikijaribu kupanda kilima nyuma ya mji, ni kizuri kwa saa mbili, unaona maji yako, unaosha kirahisi, lakini Sabinyo ni kama masaa nane kwenda na kurudi na vile vichupa vinanigusa kwenye ngazi nikikumbatia mti. Binamu yangu naye ana mrija wenye kifuniko unaofunga kwenye chupa ya kawaida, bei nusu ya mfuko, na kama huna pesa ya kutosha mimi nasema anza na huo, chupa ukiichoka unabadilisha. Shida yake chupa lazima isimame wima na ile ngumu haijikunji, ukinyonya bila kuingiza hewa maji yanagoma kuja, unavuta kwa nguvu mpaka mashavu yanauma.

Jambo moja nililifundishwa na yule yule renja: ukimaliza kunywa, puliza hewa urudishe maji ya mrija ndani. Jua likiwa kali yale ya mrija yanakuwa ya moto, na waliopanda Rwenzori juu kwenye barafu wanasema yanaganda, unakuwa na maji mgongoni na huwezi kuyanywa.

Mara ya tatu nilitoka Ntebeko na lita mbili mgongoni na nusu chupani. Kwenye ngazi nilikuwa nageuza shingo kidogo, nang'ata, nameza mara mbili, napanda. Kichwa hakikuuma. Kilele cha tatu nilikaa nikala chapati yangu na mayai nikiangalia nchi tatu, na tuliporudi getini mfuko ulikuwa umeisha na kwenye chupa zilibaki kama funda tatu. Nyumbani niliuosha usiku huo huo hata kama nilikuwa nimechoka, nikauning'iniza juu ya sinki, kijiko cha mbao ndani ili kuta zisigusane, mrija peke yake kwenye msumari.