Kifurushi cha kuziba pancha: vipini vizuri, pampu ya kuvumilia

Kifurushi hiki ni cha matairi yasiyo na tyubu. Ndani mna tupa ya duara yenye ncha, sindano ya jicho lenye mwanya, nyuzi nene za mpira unaonata, gundi na pampu ya volti 12. Kinaziba tundu la msumari bila gurudumu kufunguliwa.

Vipini vya T vya chuma ndiyo sababu kubwa ya kukinunua. Chini ya mpira wa tairi kuna nyaya za chuma, na kuzipita kunataka uegemeze uzito wa mwili. Kipini cha plastiki huvunjika hapo, tupa ikiwa bado imenasa tunduni.

Kabla ya kung'oa msumari, angalia umeingia kwa mshazari gani na uweke alama ya chaki. Tupa ikienda upande mwingine utakuwa na matundu mawili. Ng'oa kwa koleo (humo hamna, beba lako), kisha ingiza na kutoa tupa mara 10 hadi 15, mpaka ipite bila kukwama. Hapa ndipo watu huchoka mapema, halafu wanailaumu sindano kwamba haiingii. Pitisha uzi kwenye jicho hadi katikati, upake gundi, sukuma mpaka ncha zibaki nje kama sentimita 2. Chomoa sindano kwa mkupuo mmoja, moja kwa moja. Ukiizungusha, uzi unatoka nayo. Kata ncha ukibakiza milimita 3 hivi, jaza upepo, mwagia maji ya sabuni. Yakitoa mapovu, ongeza uzi wa pili.

Pampu inafanya kazi, lakini polepole. Iunganishe injini ikiwa inaunguruma, na uipumzishe kila baada ya dakika 10, maana kichwa cha bomba lake la upepo hupata moto wa kuunguza vidole. Kiungo chake kwenye vali ya tairi ni cha kuskrubu, na unapokifungua taratibu upepo unavuja, kifungue haraka. Kipimo chake nisingekiamini peke yake. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva, na kipimo kidogo cha mkononi kitakuhakikishia.

Usikitumie ubavuni mwa tairi wala begani (ukingoni, ubavu unapokutana na sehemu inayokanyaga barabara), hata tundu liwe dogo kiasi gani. Sehemu hiyo hujikunja kila gurudumu linapozunguka na uzi hutemwa. Tundu linalozidi milimita 6 nalo si lake. Tairi lililoendeshwa bila upepo huwa limesagika ndani hata kama nje linaonekana zima, kwa hiyo weka la akiba. Hata pancha iliyozibika vizuri, mpelekee fundi alivue tairi na kubandika kiraka kwa ndani.

Gundi ikishafunguliwa hukauka, kwa hiyo nunua tyubu ya gundi ya ziada siku hiyohiyo. Nyuzi zifungie kwenye mfuko wa plastiki, mbali na jua.