Tahadhari: safari za kuzamia "Mnemba nusu siku" zinazouzwa ufukweni Nungwi

Ndugu zangu wazamiaji, hasa nyie wenye kadi (cheti cha uzamiaji) mnaojiandaa kuja Unguja likizo hii ya kaskazi, naomba mnisome kabla hamjamtumia mtu yeyote pesa ya kutanguliza.

Wiki tatu zilizopita mimi na mume wangu tulilipia safari ya nusu siku: mizamo miwili kwenye kisiwa cha Mnemba, mmoja sehemu iitwayo Kichwani na mwingine Wattabomi, vifaa vyote, ada ya hifadhi, chai na matunda, shilingi 240,000 kwa kila mtu. Mnemba hatukufika. Tulipewa mitungi isiyojaa, mgeni tuliyezama naye nusura aishiwe hewa mita 22 chini, na tulipoibuka boti haikuwepo. Pesa haijarudi mpaka leo.

Jina la kituo cha uzamiaji silitaji kwa sababu malalamiko tumeshayapeleka Kamisheni ya Utalii Zanzibar, na pia kwa sababu wenyewe wameshabadilisha jina. Hata nikilitaja halitakusaidia. Bora ujue wanavyofanya kazi.

Aliyetuuzia ni papasi, yaani dalali wa watalii, kijana mchangamfu tuliyekutana naye ufukweni jioni. Sina ugomvi na mapapasi kwa jumla. Wapo wanaokupeleka kwenye kituo kizuri wakapata kamisheni yao ya halali, na mimi mwenyewe nimeshasaidiwa nao mara mbili. Huyu alituonyesha ukurasa wenye picha safi: boti ya injini mbili, walimu waliovaa fulana za aina moja, mitungi imepangwa kama soda dukani. Bei ilikuwa chini sana. Vituo viwili vyenye ofisi pale Nungwi vilikuwa vimetutajia karibu mara moja na nusu ya hiyo.

Nilipotoa kadi yangu ya uzamiaji nimwonyeshe, hakuipokea. "Dada, ukionekana tu mtu anajua wewe ni mzoefu. Weka kadi yako." Hakuuliza tumezamia mara ngapi, wala lini mara ya mwisho, wala kama kuna mwenye pumu, presha au mafua. Hakukuwa na fomu ya kujaza.

Nikiri kwa nini sikushtuka. Mwaka juzi kituo kimoja hukohuko kaskazini kilitukatalia kwenda moja kwa moja Mnemba. Walikagua kadi na daftari zetu za mizamo, wakaona tuna miezi 14 hatujaingia majini, wakasema kwanza turudie mazoezi kwenye maji mafupi: kuvua miwani chini ya maji, kupokezana hewa, kuelea sawasawa. Tulichukia. Tuliona wanatutafutia gharama. Safari hii tulipokutana na mtu asiyeuliza chochote, tuliona tumeheshimiwa. Ndugu zangu, asiyekuuliza kadi hajakuheshimu. Hajali utarudi au hutarudi, na kila kilichotupata kesho yake kilitokana na hilo.

Pesa akataka kwa simu usiku uleule, "nafasi zimebaki mbili". Nilipoingiza namba, jina lililotokea lilikuwa la mtu binafsi, halihusiani hata kidogo na jina la kituo. Nikauliza, akajibu ni mhasibu wao. Nikabonyeza. Ile sekunde jina linapotokea kabla hujaweka namba ya siri ndiyo nafasi yako ya mwisho ya kujiokoa, mimi niliipoteza.

Asubuhi saa mbili boti iliyokuja haikuwa ile ya kwenye picha. Ilikuwa ya fiba, injini moja, na ndani yake tayari kuna watalii 11 wa kuogelea na miwani tu. Wazamiaji tulikuwa wanne: sisi wawili, mzee mmoja Mjerumani, na kijana mmoja kutoka Nairobi. Vifaa vilikuwa kwenye viroba. Mjerumani, kumbe, hakuwa amezamia kwa miaka sita. Naye hakuulizwa.

Sasa nisikilizeni kuhusu mitungi. Mtungi wa lita 12 ukijazwa vizuri husoma bar 200 (bar ni kipimo cha mgandamizo wa hewa). Wangu ulisoma 150, wa Mjerumani 140. Kiongozi wetu wa mzamo akasema, "Inatosha, hatuendi kina kirefu." Tupige hesabu. Mtungi wa lita 12 wenye bar 200 una lita 2,400 za hewa. Toa bar 50 za akiba, zinabaki lita 1,800. Mtu mtulivu huvuta kama lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji. Kwenye mita 20 mgandamizo ni mara tatu, kwa hiyo huvuta lita 60. Hapo ana dakika 30. Mtungi wa bar 140 unamwachia lita 1,080, yaani dakika 18. Na huyo ni mtu mtulivu. Mtu aliyekaa miaka sita bila kuzamia, anayepambana na mkondo na jaketi la kuelea lisilomkaa, havuti lita 20.

Mhuri wa mwisho kwenye shingo ya mtungi wangu ulikuwa wa 2015. Kwa kawaida mtungi hupimwa kwa mgandamizo wa maji kila miaka mitano na kukaguliwa ndani kila mwaka. Hewa yenyewe nilipoivuta ilikuwa na harufu ya mafuta. Harufu hiyo ni dalili kwamba mashine ya kujazia haina chujio zuri au inavuta moshi wa injini yake yenyewe. Moshi huo una gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na kadiri unavyoshuka ndivyo inavyozidi kukudhuru. Hapo ndipo tulipaswa kusema hapana. Tulikuwa tumeshaondoka ufukweni, watu wanaimba, tukaona aibu kuwarudisha wote. Wewe usione aibu.

Nilianza kuelewa tumeuzwa nilipotazama ardhi. Kutoka Nungwi kwenda Mnemba unapita mnara wa taa, unazunguka rasi, kisha unashuka upande wa mashariki, na Unguja inabaki mkono wako wa kulia. Sisi Unguja ilikuwa mkono wa kushoto, tunaipita Kendwa, kisiwa cha Tumbatu kinakuja mbele. Nahodha akasema kaskazi imechafua bahari ya upande wa pili. Niseme haki: jambo hilo hutokea. Upepo wa kaskazi huupiga upande ule, na nahodha mwenye akili hubadilisha safari. Lakini hukuambia ufukweni, anakupa uchaguzi, na anapunguza pesa, kwa sababu Mnemba ni mbali zaidi na ina ada yake. Tulipoulizia risiti ya ada ya hifadhi tuliyokuwa tumelipa, hakuna aliyejibu.

Maelezo kabla ya kuzama yalikuwa neno moja: "Nifuateni." Hakuna aliyetuambia kina, muda, upande wa mkondo, wala la kufanya mtu akipotea. Siku zile zilikuwa za bamvua, maji yanakimbia, na kiongozi akatangulia na kijana wa Nairobi bila kugeuka nyuma. Dakika ya 16 Mjerumani alinishika mkono akanionyesha geji yake. Ilikuwa bar 30, na macho yamemtoka. Nikampa mdomo wangu wa akiba, ule wa pili wa kuvutia hewa kutoka mtungi wangu. Tukapanda taratibu, mume wangu akiwa chini yetu kidogo, tukasimama mita tano kwa dakika tatu kama tulivyofundishwa, tukaibuka. Mungu ni mwema, hewa yangu ilitosha watu wawili.

Juu hakukuwa na boti. Nahodha alikuwa amewapeleka wale wageni 11 kutafuta pomboo. Hakuacha mtu wa kutazama mapovu yetu. Nililokuwa nalo ni boya langu la kupuliza, jekundu, ambalo nalibeba mwenyewe tangu nilipofundishwa Dar. Nikalisimamisha. Tulielea dakika 25, mkondo unatusukuma nje, yule mzee akitetemeka. Walioliona ni wavuvi wawili kwenye ngalawa. Walikaa nasi, mmoja akatoa shati lake akawa anapunga mpaka boti ikageuka. Sijui majina yao, ila nawaombea kila siku.

Kiongozi na yule kijana waliibuka mbali, wakaokotwa baadaye. Kiongozi hakuuliza kama tuko salama. Aliuliza mbona tumepanda mapema.

Kichwa kilikuwa kinaniuma vibaya na kichefuchefu juu yake. Sikupimwa damu, kwa hiyo sitasema ni ile hewa. Lakini mzamiaji akiumwa kichwa namna ile, kitu cha kwanza ni kumpa oksijeni. Nikaomba. "Oksijeni ipo ofisini." Boti inayobeba wazamiaji wanne haina oksijeni, haina redio, na sanduku la dawa lina bandeji na kiberiti. Mzamo wa pili tuliukataa sote.

Kuna jambo moja zaidi ambalo lingeweza kutuumiza hata baada ya kutoka majini. Wakati tunanunua nilimwambia yule papasi kwamba siku ileile ya kuzama, saa 12 jioni, tuna ndege ya kurudi Dar. Akasema hamna shida, ni dakika 20 tu angani. Si kweli kwamba hamna shida. Kanuni tunayofundishwa ni angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja na saa 18 baada ya mizamo kadhaa ndipo upande ndege, kwa sababu naitrojeni iliyojaa mwilini inahitaji muda wa kutoka. Ratiba yake ilikuwa mizamo miwili mpaka saa saba mchana, kisha ndege saa 12. Kosa letu ni kumwamini kwa nusu siku nzima. Mume wangu ndiye aliyesema hapana. Tukapoteza tiketi, tukalala Mjini, asubuhi ya pili tukapanda boti Malindi. Kama unakuja kwa siku chache tu, zamia siku za mwanzo na siku ya mwisho iache kwa kutembea Forodhani.

Tulipodai pesa, mara ya kwanza tuliambiwa tungoje bosi. Mara ya pili: "Mmezama, mmelowa, mnadai nini?" Mara ya tatu ujumbe haukupokelewa tena.

Basi mkija, fanyeni hivi. Mlipieni mtu ofisini kwake, mchana, mitungi ikiwa mbele ya macho yenu, na jina linalotokea kwenye simu liwe la kituo. Kituo kinachofanya biashara halali hakikosi leseni, na hakioni vibaya kuulizwa. Mwalimu au kiongozi mwombeni namba yake ya uanachama. PADI, shirika la kimataifa la mafunzo ya uzamiaji, wana sehemu kwenye tovuti yao ya kuhakiki namba hizo. Ulizeni mashine ya kujazia hewa iko wapi. Kisha, hili la oksijeni, msiridhike na jibu la mdomo. Semeni "naomba niione", fungueni valvu, msikie inavuma. Anayekasirika kwa ombi hilo mwacheni na boti yake.

Na vifaa vijaribuni mkiwa bado mchangani. Fungua mtungi, soma geji, kisha vuta hewa mara nne tano huku unaitazama ileile geji. Mshale ukicheza kila unapovuta, valvu haijafunguka vizuri au kuna kitu kimeziba, usiingie. Jaza jaketi hewa, liache dakika kumi, uone kama linabaki limejaa. Jaribu na mdomo wa akiba pia, si wako tu, maana siku utakapohitajika utakuwa wa mwenzako. Kadi ya Open Water, ile ya kuanzia, mwisho wake ni mita 18; ya Advanced, inayofuata, mwisho wake ni mita 30. Kiongozi anayekupitisha kina cha kadi yako bila kukuuliza, mwoneshe kidole gumba juu, ishara ya kupanda, kisha panda. Boya la kupuliza na filimbi nunua vya kwako. Havizidi bei ya chakula cha jioni cha watu wawili pale ufukweni.

Vituo vizuri Nungwi, Kendwa na Matemwe vipo, tena vingi, na vijana wengi wa Kizanzibari wanaoongoza huko ni wazamiaji hodari walioijua bahari ile kabla ya kuvaa mtungi. Wanaumizwa na hawa matapeli kuliko sisi, kwa sababu sisi tunarudi nyumbani.

Juzi rafiki yangu alinitumia ukurasa mpya aliouona: jina jingine, namba nyingine, picha zilezile za boti ya injini mbili. Boti yao halisi ni ya fiba, bluu, na ubavuni jina la zamani limepakwa rangi nyeupe ambayo haijalifunika vizuri. Kama wewe ni yule kijana wa Nairobi uliyekuwa nasi, au ulishapanda boti hiyo siku nyingine, usifute meseji za malipo. Peleka nakala zake Kamisheni ya Utalii; faili letu liko pale na linahitaji mashahidi zaidi ya wawili.