Progel na TachoSil: kipi kinafaa pafu linalovuja hewa?

Progel ni gundi ya albumini ya binadamu (protini ya damu) na polietileni glaikoli (kemikali ya kuiunganisha), vinavyochanganyika kwenye ncha ya kipulizio. Marekani iliiidhinisha mwaka 2010 kwa upasuaji wa kifua wa wazi, ya kuongezea nguvu nyuzi na stepla (pini za kufungia jeraha). Tundu kubwa lishonwe kwanza. Anayetegemea gundi pekee anamweka mgonjwa hatarini.

Uzuri wake ni kunyumbuka: pafu likijaa na kunywea, utando haubanduki. Lakini kazi huharibika kabla ya kupulizia. Jaza kifua maji ya chumvi yenye uvuguvugu, puliza pafu kwa shinikizo la sentimita 20 hadi 25 za maji, weka alama panapotoa mapovu. Kisha mwombe mtu wa usingizi asimamishe hewa upande huo, na ukaushe vizuri. Ukipulizia hewa ikiwa bado inapita, povu hupenya gundi mbichi na kuacha kitundu kilekile ulichotaka kuziba. Subiri dakika 2 hivi kabla ya kujaza pafu tena, halafu rudia kipimo cha maji. Ukisita katikati, ncha huziba. Badilisha ncha, usikamue kwa nguvu.

Mipaka yake izingatiwe: isizidi mililita 30 kwa mgonjwa mmoja, isitumike kwa mwenye mzio wa albumini, na figo dhaifu ni sababu ya kuiacha. Bronkasi kuu, yaani bomba kuu la hewa linaloingia pafuni, si mahali pake. Huhifadhiwa kwenye friji.

TachoSil ni kiraka cha kolajeni chenye fibrinojeni na thrombini, protini za kugandisha damu, upande wa njano. Upande huo ndio ulale juu ya pafu, kingo zikipita jeraha kwa sentimita 1 hadi 2, ukandamizwe dakika 3 kwa glavu au shashi iliyoloweshwa. Glavu yenye damu hukibandua. Kwenye upasuaji wa matundu madogo kinasumbua kweli: kikavu huvunjika, kikilowa mapema hunata kwenye vyombo.

Kwa eneo pana lililochubuka kati ya ndewe (sehemu kuu) za pafu, tunaichagua Progel. Palipo bapa na panapofikika, kiraka. Vyote hupunguza uvujaji unaoonekana mezani, ila tafiti hazijaonyesha kila mara kwamba mgonjwa huruhusiwa mapema zaidi. Kwenye emfisema, ugonjwa unaoharibu vifuko vya hewa vya pafu, imarisha mstari wa stepla kwa utando wa moyo wa ng'ombe, kwa kuwa tishu ya pafu hilo huchanika kwenye matundu ya pini zenyewe.