Nilimpeleka mamangu kuangalia onyesho la barafu

Tiketi ya safu za juu iliandikwa dola 42. Nilipofika hatua ya mwisho ya kulipa ikawa dola 58: ada ya huduma, ada ya ukumbi, na ada nyingine ambayo mpaka leo sijajua ni ya nini. Zidisha mara tatu, maana tulikuwa mimi, binti yangu wa miaka tisa, na mamangu aliyekuja kututembelea hapa Minnesota kutoka Mombasa. Weka na dola 25 za kuegesha gari. Mama aliponiuliza nimelipa ngapi nilimdanganya, na Mungu anisamehe.

Jina la onyesho nimeliacha makusudi. Nimeshaona mawili matatu ya aina hii katika miaka kumi niliyoishi huku, na ninayoyasema hapa yanayahusu yote kwa kiasi fulani. Kwa ambaye hajawahi kuyaona: mashindano makubwa ya kuteleza kwenye barafu yakimalizika mwezi wa tatu, baadhi ya mabingwa hupanda basi na kuzunguka mji hadi mji. Hakuna majaji wala alama. Taa za ukumbi huzimwa, mwanga mmoja ukamfuata mtelezaji, muziki ukafunguliwa, basi. Nyota wawili watatu ni wa sasa, waliobaki ni wale waliowahi kupata medali miaka iliyopita na bado miguu inawatii.

Mlangoni tulipata kizuizi cha kwanza. Mkoba wa mama ulikuwa mkubwa kupita kiasi kinachoruhusiwa, na ndani yake mlikuwa na chupa ya chai ya tangawizi na mfuko wa kaimati. Kijana wa ulinzi alikuwa mpole lakini hakulegea. Nilirudi garini na chai yangu. Mama akaingia na leso mbili juu ya koti, amejiandaa kufa kwa baridi, kumbe ndani ni kama Limuru asubuhi, si zaidi. Barafu ni baridi, lakini waliokaa juu hawaihisi sana. Chukua sweta, linatosha.

Na hizo safu za juu nazitetea. Watu hukimbilia kiti cha karibu na barafu, na kweli pale unaona kasi: mtu anakupita kama pikipiki, unasikia chuma kikikwaruza. Lakini ukikaa juu unaona ramani. Barafu ya kumbi za Marekani ina urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, na mtelezaji mzuri hutumia yote, anaichora. Dansi ya wawili ukiitazama kutoka chini ni watu wawili wanaozunguka. Ukiitazama kutoka juu unaona mistari inayoachana na kukutana tena kama hina mkononi. Hayo ya hina si yangu, ni ya mama.

Watelezaji wote walitoka pamoja kwa kipande cha kwanza. Mama alinyamaza dakika nzima, jambo lisilo la kawaida kwake, halafu akanivuta mkono: "Mwanangu, mbona hawapigi hatua na wanakwenda?"

Swali hilo ndilo roho ya mchezo wenyewe, na hakuna mtu katika ukumbi ule mzima aliyejisumbua kulijibu. Nilimweleza kwa nilichojifunza kwa kumpeleka mtoto mazoezini. Chuma cha kiatu kile kina mfereji katikati, kwa hiyo kina makali mawili, la ndani na la nje. Ukiegemea kali moja unakata tao, na ukikunja goti na kusukuma unapata kasi bila ya kuonekana unafanya kitu. Fundi anajulikana hapo. Anayekwaruza sana bado hajaiva, na aliyeiva barafu yake inanong'ona tu. Tangu wakati ule mama hakutazama tena mikono wala nguo zinazometameta, alikuwa ameinama akitazama miguu. Mtu akipita kimya anasema, "Huyu fundi."

Lakini si kila mgeni amekaa na mtu wa kumweleza. Mtangazaji alikuwa na sauti nzuri, akitaja jina, medali, jina la wimbo, kisha ananyamaza. Mtu anaruka, nusu ya ukumbi inalipuka kwa makofi, nusu nyingine inageuka kuwatazama wanaopiga makofi. Tulikuwa kama watu walioalikwa harusini bila ya kuonyeshwa bwana harusi. Mruko wa Axel, kwa mfano, unahitaji sentensi mbili tu. Ndio pekee unaorukwa ukiwa umetazama mbele, na kwa kuwa wote huteremka wakienda kinyumenyume, daima una nusu mzunguko wa ziada. Ukishajua hilo, unaelewa kwa nini dunia ilishtuka mwaka 2022, Ilia Malinin alipokuwa wa kwanza kuteremka salama mashindanoni baada ya mizunguko minne na nusu hewani. Usipolijua, unaona kijana amerukaruka. Juu ya vichwa vyetu palining'inia skrini kubwa ambayo ingeweza kurudia mruko polepole na kuhesabu mizunguko. Ilitangaza fulana za dola 45.

Kitu kimoja kilieleweka na kila mtu. Mtelezaji mmoja alipiga samasoti ya nyuma na ukumbi mzima ukasimama, binti yangu juu ya kiti. Hapo nikamsimulia mama habari za Surya Bonaly, Mfaransa mweusi, ambaye mwaka 1998 kwenye Olimpiki ya Nagano aliipiga na kuteremkia mguu mmoja huku akijua imepigwa marufuku. Mmarekani Terry Kubicka alikuwa ameipiga kwenye Olimpiki ya 1976, na baada yake wakubwa wa mchezo wakaikataza. Marufuku iliondolewa mwaka 2024 tu. Kwa miaka hiyo karibu hamsini mahali pa kuiona palikuwa kwenye maonyesho kama haya, kwa sababu hayana majaji wa kukukata alama. Bonaly mwenyewe baada ya Nagano aliingia kwenye maonyesho ya kuzunguka na kuwaonyesha watu miji kwa miji kile kilichomponza mashindanoni. Mama aliuliza, "Walimkatia alama hata alipoteremkia mguu mmoja?" Nikasema ndiyo. Akafyonza, na mfyonzo wa mama wa Mombasa una hukumu kamili ndani yake.

Mapumziko ni dakika ishirini. Foleni ya choo ilikula kumi na tano. Binti yangu alikataa kuondoka kitini kwa sababu alitaka kuona mashine ya kulainisha barafu, na simlaumu. Ni uvumbuzi wa Frank Zamboni wa California, mwaka 1949. Kabla yake kazi hiyo ilifanywa na watu kadhaa kwa zaidi ya saa nzima. Mmoja wa wateja wake wa mwanzo alikuwa Sonja Henie, yule Mnorwe mwenye dhahabu tatu za Olimpiki, 1928, 1932 na 1936, aliyeacha mashindano akafanya filamu na maonyesho yake mwenyewe ya kuzunguka. Kwa hiyo hata gari lile linaloshangiliwa na watoto limetokana kwa sehemu na biashara hii ya kuzunguka.

Kiti cha jirani alikaa bibi wa Kimarekani wa hapa hapa St. Paul, na yeye ndiye aliyefanya kazi ya mtangazaji bila ya kulipwa. Baba yake alikuwa akimpeleka kuangalia Ice Follies miaka ya 60. Alijivunia kwamba onyesho lile liliundwa mwaka 1936 na vijana wa mji wake, ndugu wawili wa ukoo wa Shipstad na rafiki yao Oscar Johnson. Akanikumbusha pia Tom Collins, Mkanada aliyefanya Minneapolis kuwa makao yake na ambaye tangu 1969 aliwazungusha mabingwa wa dunia nchi nzima, mpaka ziara hiyo ilipofikia mwisho mwaka 2007. "Zamani," alisema, "ukichelewa hupati kiti." Sote wawili tuligeuka kutazama safu za nyuma yetu. Zilikuwa tupu, na nyingine zilifunikwa pazia jeusi ili zisionekane.

Watu hupenda kusema zamani Wamarekani walivutwa na kisa cha 1994 tu, mtelezaji Nancy Kerrigan alipopigwa mguuni mwezi wa kwanza, na televisheni ikafaidika mpaka Olimpiki ya Lillehammer. Ni kweli kisa kile kilijaza kumbi kwa miaka kadhaa. Kwa maoni yangu, ambayo hayana utafiti nyuma yake zaidi ya macho yangu, kuna jambo jingine dogo. Zamani alama ya juu ilikuwa 6.0, na hata mtoto aliona 5.9 akajua mtu amekaribia ukamilifu. Baada ya kashfa ya majaji kwenye Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002 mfumo ulibadilishwa, na tangu 2004 mtu anapata 187.42 au 211.9, namba isiyomwambia kitu anayepita njia. Labda mfumo mpya una haki zaidi, sibishani. Ila mtazamaji wa kawaida alipokonywa ngazi aliyoizoea, hakupewa nyingine.

Kwamba watu hawautaki tena mchezo huu, sikubali. Mwezi wa pili mwaka 2023 Mjapani Yuzuru Hanyu alijaza uwanja wa Tokyo Dome, watu 35,000, na mtelezaji usiku ule alikuwa yeye peke yake. Hanyu ni Hanyu, najua, na Wajapani wameulea mchezo huu miaka mingi, wanaonyeshwa kwenye televisheni zao, wanamfuata mtu tangu utotoni mpaka anastaafu. Wameujua kabla ya kununua tiketi. Hapa tunauziwa tiketi kwanza.

Nusu ya pili ilikuwa bora kuliko ya kwanza. Wawili wa dansi waliteleza kwa wimbo wa polepole, na mwanamke alinyanyuliwa akawa kama amekaa juu ya hewa, ukumbi kimya, chuma tu kinasikika. Mama alifungua pochi yake. Nikadhani anatafuta kitambaa cha kufutia machozi, kumbe anatoa noti ya dola tano. "Nateremka kuwatunza," akasema. Nilimshika leso. Kwetu mwimbaji wa taarabu akikugusa unainuka, unakwenda huku unacheza pole pole, unamtunza mbele za watu, na huo ndio utamu: mtazamaji naye ana zamu yake. Kumweleza mama kwamba hapa unapiga makofi ukiwa umekaa kulinichukua muda mrefu kuliko kumweleza Axel. Mwisho wa onyesho watelezaji walizunguka ukingoni kushikana mikono na waliokaa safu za chini. Sisi wa juu tulipungiwa. Kuna tiketi ya kukutana nao na kupiga picha, bei yake ni mara nne ya zetu. Dola tano za mama zikarudi pochini.

Kwa watelezaji wenyewe natoa nyota tano. Mmoja alianguka kwenye mruko wake, akainuka, akaurudia mwishoni bila ya kuombwa, na hilo peke yake lilinilipia gari kuegeshwa. Onyesho zima nalipatia nyota tatu, na kilichoangusha nyota mbili ni kilichotokea tulipotoka.

Watoto walikuwa wengi ajabu. Mlangoni, nje, kwenye maegesho, wasichana walikuwa wakijizungusha kama pia kwenye saruji na mikono wameikunja kifuani. Binti yangu mmoja wao. Hapakuwa na meza, karatasi wala mtu wa kuwaambia kwamba kesho asubuhi, umbali wa robo saa kutoka pale, kuna uwanja wa barafu wa mtaa unaofunguliwa kwa kila mtu. Minnesota ina viwanja vya barafu kama Mombasa ilivyo na misikiti, na klabu zake zinalia kukosa wanafunzi wa kuteleza kwa sababu wote wanakimbilia hoki. Usiku ule watoto wale walikuwa wameshashawishika, kilichobaki ni kuonyeshwa mlango. Wakauziwa vijiti vya taa vya dola 20.

Sisi tulikwenda kwa kuwa tulikuwa tunapajua. Kiingilio dola saba, viatu vya kukodi dola nne. Binti alianguka, sikumhesabia. Mama alikaa kwenye benchi na chupa yake ya chai, safari hii hakuna aliyemzuia, akimfokea mjukuu kutoka mbali: "Kunja goti! Egemea!" Mwalimu mmoja wa pale alimuuliza kama aliwahi kuteleza. Mama akanitazama nimtafsirie, nikatafsiri, akacheka mpaka leso ikamdondoka.

Wiki tatu baada ya kurudi nyumbani alinitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa ndani ya basi, ametoka Mombasa anaingia Nairobi, nasikia kondakta na honi nyuma yake. Nilikuwa nimemwambia kwamba hoteli ya Panari, pale Mombasa Road, ilifungua uwanja wa barafu tangu 2005. "Mwanangu, ndiyo hii hii hoteli? Hii tunayoipita kila siku? Dereva hataki kusimama."