Wiki Moja Gozo kwa Watu Wawili: Nyumba ya Mawe, Bwawa na Upepo

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na mita ya AC, nitafika huko.

Gozo ni kisiwa cha pili kwa ukubwa cha Malta, urefu kilomita 14 na upana 7, na watalii wengi wa Julai na Agosti hukipitia tu. Wanashuka kwenye pantoni saa nne asubuhi, saa kumi na moja jioni wameondoka. Yaani wanachagua saa zile zile ambazo joto linagonga nyuzi 32 na hakuna pa kuegesha gari, halafu wanarudi kulalamika kwamba kisiwa kimejaa. Mliolala huko mnabaki nacho jioni yote na asubuhi yake. Laleni Gozo, usiku tano au zaidi, na safari ya siku moja mfanye kinyume: kutoka Gozo kwenda Valletta, mji mkuu wa Malta.

Malazi yanayowafaa wawili ni zile nyumba za zamani za wakulima, za mawe ya chokaa, nyingi zikiwa na bwawa dogo uani. Tulipanga moja kijiji cha Xagħra. Kuta nene zinazuia joto mpaka alasiri, kisha usiku zinalirudisha ndani, ndiyo maana kulala bila AC mwezi wa saba ni mateso. Na mtego uko hapo hapo, kwa sababu bei ya tangazo mara nyingi haijumuishi umeme wa AC. Kabla ya kulipa ulizeni kwa maandishi: AC imo kwenye bei, inalipiwa kwa siku, au kwa uniti? Kama ni uniti, moja ni bei gani, na mita iko wapi? Siku ya kufika pigeni picha ya mita mbele ya anayewakabidhi funguo. AC ya chumba kimoja ikiwaka usiku mzima hula takriban uniti tano au sita, kwa hiyo hesabu ya wiki mnaweza kuipiga wenyewe. Mwenye nyumba yetu alitoza kiasi kwa kila siku ambacho hakikuwa kwenye tangazo, na sisi picha ya mita hatukuwa nayo. Tukalipa.

Maji yanatoka kwenye tangi la juu ya paa. Kuanzia saa sita mchana bomba la baridi linatoa maji ya moto bila kuombwa. Usiku bomba la moto linatoa ya baridi kama hita haijawashwa. Iwasheni nusu saa kabla ya kuoga. Maji yenyewe ni salama, ila sehemu kubwa ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi, na ladha inabaki: chai yake haina raha. Nunueni ya chupa kwa kunywa na chai, ya bomba yabaki ya kupikia.

Ngazi ya kwenda chumba cha juu huwa ni ya mawe, inazunguka kama konokono, na upana wake ni mabega ya mtu mmoja. Sanduku la kilo 23 halipandi. Chukueni mabegi mawili laini, au ulizeni kama kuna chumba cha kulala chini. Chandarua msitegemee kukikuta, na mbu wapo. Dawa ya kuchomeka kwenye soketi inatosha. Soketi ni zile zile za pini tatu bapa za kwetu, volti 230, kwa hiyo adapta ya Ulaya iacheni nyumbani. Jambo moja ambalo matangazo hayasemi: kila kijiji kina sikukuu yake ya mtakatifu wakati wa kiangazi, na mizinga ya fataki huanza asubuhi. Angalieni tarehe ya kijiji chenu. Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Santa Marija, nusu ya Malta inahamia Gozo, na foleni ya magari kwenye pantoni ni ya saa nyingi.

Mkiamka, tazameni upepo kabla ya chochote. Sisi tuna kaskazi na kusi, wao wana majjistral, wa kutoka kaskazini-magharibi. Ukivuma, Ramla yenye mchanga mwekundu na Marsalforn, zote zinazoelekea kaskazini, zinapata mawimbi, na boti za Dwejra, pwani ya magharibi, zinazopita kwenye pango kwenda bahari kuu hazitoki. Siku hiyo nendeni Mġarr ix-Xini upande wa kusini, mtakuta maji yametulia kama ya kwenye bakuli. (Wanaotafuta lile tao kubwa la Dwejra la kwenye picha: liliporomoka tarehe 8 Machi 2017.) Upepo unaovuma kuelekea ufukweni ndio pia unaoleta yavuyavu wadogo wa zambarau. Wakikuchoma, usisuuze kwa maji ya bomba wala usipake siki. Suuza kwa maji ya bahari, kwangua nyuzi zilizobaki kwa ukingo wa kadi ya benki, kisha weka barafu iliyofungwa kitambaani. Sehemu nyingi za kuogelea ni miamba, kwa hiyo viatu vya mpira vya majini ni lazima.

Gari la kukodi chukueni dogo kuliko yote. Wanaendesha upande wa kushoto kama Dar au Nairobi, ila vichochoro vina kuta za mawe pande zote mbili na vioo vya pembeni ndivyo vinavyolipa. Someni bima inawaachia kiasi gani cha kulipa wenyewe. Bila gari inawezekana: mabasi yote yanakutana Victoria, mji mkuu wa Gozo, 301 kutoka bandarini Mġarr, 311 kwenda Dwejra, lakini mengi hupita mara moja kwa saa.

Blue Lagoon, ghuba ya kuogelea ya Comino, kisiwa kidogo kati ya Gozo na Malta, ni nzuri na imejaa. Tangu 2025 mnajiandikisha mtandaoni kabla, bure, kwa zamu. Zamu ya jioni ndiyo ya kuchukua.

Chakula: ftira ya Gozo, mkate bapa wa tanuri wenye viazi, na ġbejna, jibini la maziwa ya kondoo. Agizeni ftira mapema, zinaisha. Mkisubiri zamu sikilizeni wanavyohesabu bei: sitta, sebgħa, disgħa, għoxrin, tletin. Kimalta kina asili ya Kiarabu, na Mswahili anashika sita, saba, tisa, ishirini na thelathini bila mwalimu.

Viza ni ya Schengen, euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Hata mkiwa mke na mume kila mmoja ana faili lake; cheti cha ndoa wekeni nakala kwenye yote mawili.

Pantoni ya Ċirkewwa, bandari ya upande wa Malta, hadi Mġarr ya Gozo ni dakika 25, na nauli hulipwa wakati wa kurudi tu, euro 4.65 kwa abiria wa miguu. Jumapili jioni epukeni. Kutoka Ċirkewwa basi X1 linafika uwanja wa ndege, ila kwa foleni za kiangazi hesabuni saa moja na nusu hadi mbili. Kama ndege ni ya asubuhi sana, usiku wa mwisho laleni upande wa Malta.