Ruta ya antena nne, tundu la mia

Nyota mbili. Nilitaka kuipa moja, nikakumbuka kwamba ruta yenyewe haijadanganya mtu; aliyedanganya ni aliyeniuzia. Lakini yeye hapewi nyota, basi itabidi ruta ibebe.

Swali langu lilikuwa moja tu, dukani hapa Mtwara mjini: tundu la WAN, lile linalopokea waya wa intaneti, ni la megabiti mia au elfu kwa sekunde? Kifurushi changu cha faiba kinazidi megabiti 100, ndiyo maana nikauliza. Kijana hata boksi hakuligeuza. "Mzee, hii ina antena nne. Mbele hapo imeandikwa 1200. Unataka nini tena?" Nikarudia swali. Akamgeukia mwenzake wakacheka, kisha akaapa kuwa ni ya elfu, na kulifungua boksi akakataa mpaka nilipe kwanza. Nyumbani, kompyuta ikichomekwa kwa waya inaonyesha muunganisho wa 100, na kipimo cha kasi kinagota kwenye 94. Niliporudi nikajibiwa, "Kitu kikishafunguliwa hakirudi, mzee," macho yake yakiwa kwenye simu.

Hiyo 94 si bahati mbaya. Tundu la megabiti 100 haliwezi kupitisha zaidi ya hapo, kwa sababu sehemu ya nafasi huliwa na maelezo ya anwani yanayotangulia kila kipande cha data. Ulipie 150, ulipie 300, utaonja 94. Na hiyo 1200 ya kwenye boksi ni hesabu ya kujumlisha: 300 za bendi ya 2.4 GHz na 867 za bendi ya 5 GHz, kisha wakakuza kidogo ijae. Simu yako hushika bendi moja kwa wakati mmoja, hivyo jumla hiyo haitaiona hata siku moja, na yote lazima yapite kwenye tundu lile lile la mia. Antena nne nazo kwa kawaida ni mbili za bendi hii na mbili za bendi ile. Kinachotakiwa kusomwa ni kibandiko cha chini ya ruta au ubavu wa boksi: 10/100 maana yake mia, 10/100/1000 au neno Gigabit maana yake elfu. Kazi ya sekunde tano kwa muuza ruta.

Kabla ya kuilaumu ruta badilisha waya. Gigabiti inahitaji nyuzi zote nane ndani ya waya wa LAN, yaani wa mtandao wa ndani ya nyumba, na waya nyingi za bei rahisi zimebanwa nyuzi nne tu, au uzi mmoja umekatika kwenye kichwa. Hapo hata ruta nzuri itashuka hadi 100 kimya kimya. Tumia waya wa daraja la Cat5e au Cat6 uliobanwa nyuzi zote nane. Huku kwetu pwani, chumvi ya hewani hula vile vidole vya shaba, kwa hiyo vichwa vilivyokaa wazi dirishani visiaminiwe. Mimi nilijaribu waya mpya. 94 ile ile.

Sasa upande wa pili. Kwa mwenye kifurushi cha 20, 30 au 50, ruta hii inamtosha na kubaki, na masafa yake si mabaya. Nyumba za tofali za saruji inapenya kuta mbili kwa 2.4 GHz, 5 GHz inachoka kwenye ukuta wa pili. Mwenye nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe kule Mikindani asitegemee ruta moja, ya aina yoyote. Avute waya juu ya dari hadi chumba cha mbali, aweke ruta ya pili huko. Vile vifaa vya kurudia mawimbi vya kuchomeka ukutani mara nyingi hukata kasi nusu, maana redio ile ile inapokea na kutuma. Na kwenye 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, upana 20 MHz. Nyingine zinaingiliana na za jirani.

Watengenezaji walipostahili kuandika maelezo ni kwenye kuifunga ruta, na hawakuandika. Ruta na kile kisanduku cha faiba ambacho mafundi wanakiita ONT, vyote viwili vilikuja na anwani 192.168.1.1. Ukitoa waya ONT ukauchomeka WAN, ruta inakuta mtandao wenye namba zile zile mbele na nyuma, haijui data iende wapi. Taa zinawaka, intaneti hakuna. Dawa ya haraka: ingia kwenye ruta, badilisha anwani ya LAN iwe 192.168.2.1. Ukiwa na kamera za kuangalia ukiwa mbali, anwani kutafsiriwa mara mbili, kwenye ONT kisha kwenye ruta, kutakusumbua. Mwombe mtoa huduma aiweke ONT katika hali ya daraja, yaani ipitishe tu intaneti na ruta ifanye kazi yote, akupe jina na nywila ya PPPoE (ya kuingilia mtandao wake) pamoja na namba ya VLAN (namba ya njia yake) kama ipo. Akigoma, ifanye ruta kuwa kituo cha waifai tu: zima DHCP (kazi ya kugawa anwani), ipe 192.168.1.2, chomeka waya kwenye tundu la LAN, siyo WAN.

Na usinunue dukani ruta yenye tundu la faiba ukidhani utaikwepa ONT. Namba ya kifaa isiposajiliwa kwenye mtambo wa mtoa huduma, intaneti haitapatikana.

Njia hiyo ya kituo cha waifai ndiyo iliyonifanya nitake kuongeza nyota ya tatu. Kompyuta na televisheni nimezichomeka moja kwa moja kwenye matundu ya gigabiti ya ONT, kasi yote inafika. Ruta inabaki na simu, na simu hazilalamiki. Umeme ukikatika, betri ndogo ya volti 12 yenye 8,800 mAh inavibeba vyote viwili, ruta na ONT. Mtengenezaji anaihesabu kwa volti 3.7, yaani kama Wh 32. Ukitoa upotevu, kwa mzigo wa wati 12 unapata saa mbili na ushee. Angalia adapta kwanza: ruta ya volti 9 usiichomeke kwenye 12.

Taa ya LOS ya ONT, ya kuonyesha mwanga wa faiba umepotea, ikiwaka nyekundu, ruta haihusiki. Tazama waya mwembamba wenye kichwa cha kijani: ukikunjwa kwa nguvu, mwanga unavuja. Kichwa chake usikifute kwa kidole. Wala ruta haihusiki nyaya za baharini zikikatika kama Mei 2024.

Nyota tatu, basi? Hapana. Nimelipia bei ya gigabiti nikapewa mia, na sasa natumia nusu ya kifaa. Mwenye kifurushi cha 50 kushuka aisome kama tatu na nusu. Kwa kifurushi changu ni moja, na ile ya pili nimeiweka kwa sababu ya masafa ya 2.4 tu.